Redio ya Chumba cha Kulilia

Hebu mwone anavyofika. Ni Jumamosi ya kwanza ya Novemba 2021, saa saba na nusu mchana, na maua ya mijakaranda yamemwagika kando ya stesheni ya Granville mpaka njia imegeuka zambarau. Anatoka mwanamume mfupi wa miaka hamsini na minane. Shati lake la kitenge limepigwa pasi hadi linaweza kusimama peke yake. Barakoa imeteremka chini ya pua, maana anaongea, na amekuwa akiongea tangu walipopanda treni Mount Druitt, wanakoishi. Amemshika mkono mwanamke mwenye miwani myeusi, aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima.

"Ngazi moja chini, Mama Divine. Bon. Mbele yetu kuna mbwa, sura yake kama mkuu wa shule. Anatuangalia. Hapana ogopa, anatafuta wanafunzi waliochelewa."

"Rangi gani?"

"Kahawia. Soksi nyeupe."

Mwanamke anacheka. Mbwa alikuwepo kweli, na soksi nyeupe alikuwa nazo kweli. Ukuu wa shule alipewa hapo hapo njiani.

Huyo ndiye Wilondja. Kazini kwake Wetherill Park, kwenye ghala la masinki na mabafu, wanamjua kama dereva wa foklifti asiyenyamaza. Lakini waliopita naye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kabla ya kuja huku ughaibuni, wanamwita Redio, na jina hilo lina historia yake, wala si ndefu.

Kambini kulikuwa na kibanda cha video: turubai, jenereta lenye kikohozi, na televisheni moja ndogo. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, kwa Kihindi, kwa lugha ambazo hata mwenye kibanda hakuweza kuzitaja. Wilondja alikaa juu ya dumu kando ya televisheni, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, akawa anawaeleza watu kinachoendelea. Hakufundishwa na mtu. Asipoelewa maneno, aliangalia macho ya waigizaji, na macho yasipotosha, alitunga. Majambazi wote aliwapa jina la yule karani aliyekuwa akipunja kipimo cha unga. Watu walilipa waje wamsikie karani akipigwa.

Nyuma ya turubai, upande wa nje, msichana anayeitwa Anésie aliuza mandazi. Miaka miwili hakuingia ndani hata siku moja. Filamu zote alizisikia kupitia ukuta. Siku walipokutana uso kwa uso alimtazama Wilondja kutoka juu, akasema, "Kumbe ni mfupi hivi!" Mwaka uliofuata wakaoana.

Sasa ni huyu Anésie aliyevaa miwani myeusi. Alikuwa akifua shuka kwenye nyumba ya wazee mpaka macho yake yakaanza kujaa ukungu, kwanza la kulia, kisha na la kushoto. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, jambo dogo, dakika ishirini tu. Lakini ilikuwa mwaka wa korona. Hospitali zilisimamisha upasuaji wote usio wa haraka, na jicho la mwanamke wa Mount Druitt halikuhesabiwa kuwa la haraka. Akapewa tarehe, ikaahirishwa. Akapewa nyingine, ikaahirishwa. Ya tatu nayo ikaenda mwezi Julai, na siku ile Anésie aliweka simu mezani, akasema neno moja tu, "Haya," akakaa kwenye kochi.

Hapo ndipo Wilondja alipoogopa. Kufungiwa ndani aliwahi kuzoea, helikopta za polisi juu ya mapaa aliwahi kusikia mbaya zaidi, kupimwa pua kila baada ya siku tatu ili aruhusiwe kuingia ghalani kulimchekesha hata. Lakini Anésie kukaa kwenye kochi bila kuimba, hilo hakuwa amewahi kuliona. Kanisani kuimba kulikatazwa. Yeye akaacha kuimba hata jikoni. Kila siku saa tano asubuhi, mkutano wa kutangaza idadi ya wagonjwa ulipoanza kwenye televisheni, Wilondja aliutangaza kama mpira wa miguu, vitongoji vya jiji vikiwa wachezaji: "Fairfield anapata mpira, anampasia Blacktown, ohoo, Blacktown anakosa!" Anésie alitabasamu kwa adabu, kama anayetabasamia mgeni.

Basi kufuli za korona zilipofunguliwa mwezi wa kumi, binti yao Divine, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akawanunulia kadi ya mwezi mzima ya sinema ya Kestrel: Jumamosi nne, saa nane mchana. Alichagua Kestrel kwa sababu ilikuwa karibu na stesheni na ngazi ni chache. Hakujua, wala wazazi wake hawakujua, kwamba sinema zinatofautiana kama makanisa.

Kestrel ilibanwa kati ya duka la vigae na gereji. Viti vyake ni sabini, na Novemba ile nusu yake ilikuwa imefungwa utepe wa njano ili watu wasikaribiane. Mlangoni unapiga picha kile kibandiko cha mraba kwa simu, unaonyesha tiki ya kijani na cheti cha chanjo, unapaka mikono dawa, ndipo unaingia. Hawauzi bisi, maana bisi inatafunwa kwa kelele. Wanauza chai. Watu wa Kestrel hukaa mbele ya filamu kama watu walio kwenye sala ya kimya.

Na filamu yenyewe! Ilitoka nchi moja ya theluji. Mlinzi wa kivuko cha reli anainua kizuizi, anashusha kizuizi. Mjane anapita na baiskeli nyekundu. Hawasemeshani. Kesho yake tena. Katikati kuna dakika kumi na moja nzima za mjane akishona mwavuli.

Kwa mtu kama Redio, filamu isiyosema ni shamba lisilo na mwenyewe. Alianza taratibu, kwa mnong'ono.

"Huyu anaitwa Mama Furaha. Mwavuli ni wa marehemu. Anashona, anajisema: mimi nashona mwavuli na mvua yenyewe haipo, hii ni akili kweli? Sasa mlinzi anachungulia dirishani. Huyu tumwite Kasongo. Kasongo ana aibu, anajifanya anahesabu mabehewa. Hakuna behewa hata moja!"

"Shhh!" akasema mtu wa mbele.

Wilondja akapunguza. Lakini mnong'ono wake ulikuwa umezoea kushindana na jenereta.

"Shhhh!" Safari hii walikuwa watatu.

Kijana mmoja kwenye kiti cha pembeni akageuka na kusema kwa Kiswahili cha Kenya kabisa, "Mzee, aki punguza. Hawa watu watatufukuza sote, na mimi sijasema kitu."

Kabla Wilondja hajamjibu, tochi ndogo ikaja ikiwa imeelekezwa chini. Ilikuwa ya Robyn, mwenye Kestrel, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe. Akainama, akasikiliza maelezo: macho, hospitali, tarehe tatu. Hakuwafukuza. Aliwaongoza nyuma kabisa ya ukumbi, akafungua mlango mwembamba.

Kilikuwa chumba kidogo chenye kioo kikubwa kinachotazama skrini, na spika moja ukutani. Majumba ya zamani ya sinema ya nchi hii yalikuwa na vyumba hivi: mama mwenye mtoto anayelia anakaa humo, mtoto analia anavyotaka, ukumbini hasikiki. Chumba cha kulilia. Viti sita.

"Humu unaweza kuongea," Robyn akasema. "Hata kupiga kelele."

"Tumefungiwa chumba cha watoto," Wilondja akamnong'oneza mkewe.

"Na wewe nani alikuambia umekua?"

Mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa yule Mkenya. Anaitwa Ogutu, muuguzi wa hospitali moja ya huko huko magharibi mwa jiji, aliyekuja Kestrel kupumzisha kichwa baada ya miezi ya wodi za korona. "Naomba kiti," akasema. "Kule mwavuli unashonwa tu. Nataka kujua marehemu aliununua wapi."

Basi wakaendelea, Redio akiwa amefunguliwa sauti yote. Kasongo na Mama Furaha walipendana bila kusemeshana, wakagombana bila kusemeshana, wakapatana juu ya baiskeli iliyotoboka. Anésie aliegemea kioo. Mara ya kwanza tangu Julai, alikuwa akiuliza maswali mfululizo.

Ikafika mwisho. Treni inasimama kivukoni. Mama Furaha anatokea na sanduku. Anamwendea Kasongo, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima anafungua mdomo. Chini ya skrini maandishi meupe yakatokea, maneno matatu tu ya Kiingereza, na Wilondja akaielewa vizuri maana yake: Usinisubiri tena. Mama Furaha akapanda. Treni ikaondoka. Kasongo akavua kofia.

Anésie alisikia treni. Akamkamata mumewe mkono. "Anaenda? Anamwacha?"

Ilikuwa sauti ile ile iliyosema "Haya" siku ya simu.

Ulimi wa Wilondja haukungoja ruhusa. "Nani amwache? Amemwambia: nisubiri. Naenda mjini kuwaita wajomba zangu, mahari haipokelewi na mjane peke yake. Alhamisi narudi nao. Voilà, Kasongo amevua kofia, anaijua heshima ya wajomba."

"Alhamisi!" Anésie akasema, akashusha pumzi.

Ogutu, ambaye Kiingereza anakisoma kama maji, alimgeukia Wilondja. Kwenye giza lile macho yake tu yalionekana juu ya barakoa, yamekuwa makubwa.

Nje, Anésie alipokwenda kunawa mikono, ndipo Ogutu akasema. "Mzee. Chumvi ni chumvi. Hiyo ulimwaga gunia."

"Uliona alivyonishika mkono?"

"Niliona. Na siku atakayopona macho?"

"Filamu imepita, kijana. Inarudi ilikotoka."

Wilondja aliamini hivyo kwa moyo wote. Jumapili asubuhi aliamshwa na wimbo jikoni. Anésie alikuwa akikanda unga na kuimba, na kwa mkono wenye unga ameshika simu, anamsimulia dada yake aliyeko kwao Uvira: mwavuli, baiskeli, wajomba, Alhamisi. Mchana alimsimulia Mama Léocadie, rafiki yake wa kwaya, mjane wa miaka mitano. Kufikia Jumatano nusu ya Mount Druitt inayoongea Kiswahili ilikuwa inamjua Kasongo.

Jumamosi ya pili viti sita vilijaa. Léocadie alikuja na binamu zake wawili, Ogutu alikuja na chapati kwenye mfuko akaambiwa chapati hairuhusiwi, akaila nje haraka haraka. Filamu ilikuwa ya jangwani, mtu anatafuta kipuri cha friji kwa saa mbili. Léocadie hakuipenda. "Huyu na friji yake simwelewi," alisema. "Kasongo alikuwa mwanamume. Mimi nikimpata mtu wa kunisubiri mpaka Alhamisi, hata Ijumaa nitakuja mapema."

"Ijumaa huja baada ya Alhamisi, Mama Léo," Wilondja akasema.

"Ndiyo maana ninakaa peke yangu, kumbe. Hesabu."

Kisha, Jumatatu, simu ikalia. Mgonjwa mmoja amejitoa, nafasi ipo kesho asubuhi, jicho la kulia. Anésie alikwenda akiwa amevaa gauni la kanisani. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, muuguzi mmoja alimuuliza kama kuna kitu anachokingojea kukiona. Wilondja alidhani atasema uso wa Divine. Kwa unyenyekevu alidhani hata wa mumewe.

"Kuna mwanamke mmoja kwenye filamu," Anésie akasema, na Divine akatafsiri. "Anasema nisubiri. Nataka kuuona uso wake akisema hivyo."

Keshoye bandeji ilitolewa. Anésie aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, akamwangalia Divine mpaka wote wawili wakalia. Kisha akamgeukia mumewe kwa muda mrefu.

"Bado mfupi," akasema.

Wilondja alicheka kuliko wote.

Jumamosi ya tatu ilikuwa filamu ya bustani. Hakuna mtu ndani yake hata mmoja, ni konokono tu, dakika themanini. Redio aliwapanga foleni kwenye ofisi ya serikali: huyu fomu yake haina saini, yule ameambiwa arudi Jumanne, huyu mwenye pembe ndefu anajifanya anamjua bosi. Chumba kizima kilikuwa kinafuta machozi. Anésie, jicho lake jipya nyuma ya miwani, alimpiga mumewe bega.

"Hawajapanga foleni! Wanakula majani tu! Mwongo we!"

"Foleni ya chakula, basi."

Kwenye treni alikuwa bado anacheka. Halafu, kama anayeuliza saa, akasema, "Lakini ile ya reli hukuongeza kitu, si ndiyo?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Wilondja aliuona. Angeweza kupita.

"Ile?" akasema. "Ile ilikuwa yenyewe."

"Nilijua. Sauti yako ilikuwa tofauti." Akafungua mkoba, akatoa simu kusoma ujumbe wa Kestrel wa matokeo. "Ndiyo maana tumeipigia kura."

"Kura gani?"

Sasa hii ndiyo desturi ya Kestrel ambayo hakuna aliyemwambia. Jumamosi ya nne haina filamu mpya. Unapotoka ile ya tatu, pale mlangoni kuna mitungi mitatu ya kioo, na kila mtu anatumbukiza kipande cha tiketi yake kwenye mtungi wa filamu anayotaka irudiwe. Wilondja alikuwa amepita mitungi ile akidhani ni ya takataka, akatumbukiza cha kwake kwenye konokono. Lakini Anésie alikuwa amewapanga Léocadie na binamu zake tangu katikati ya wiki. Ukumbi wenye nusu ya viti, watu ishirini na kidogo, wengine hawapigi kura: vipande vitano vilitosha, na ile ya reli ikashinda.

Jioni alimpigia Ogutu. "Vipande vitano! Mke wangu, Léocadie, binamu wawili. Wa tano nani?"

"Mzee, usikasirike."

"Wewe?"

"Nataka kuona utatokaje."

"Mtu mbaya wewe! Na unashika watu mapigo ya moyo!"

"Mwambie tu. Leo. Mwambie, mama, niliongeza."

Wiki ile alijaribu. Jumapili alianza, "Unajua, Mama Divine, wajomba wa nchi za theluji..." na Anésie akasema, "Nimekuwa nikiwafikiria hao wajomba," na ndio ikawa mwisho. Jumatano alijaribu kumwambia wakati wa kumtia dawa ya jicho, lakini mtu gani anasema jambo kama hilo huku ameshika kope la mkewe? Ijumaa aliamua kuumwa. Akakohoa mara moja, na kabla hajakohoa ya pili Divine alikuwa amesimama mlangoni na kile kijiti cha kupimia pua. Kipimo kikatoka mstari mmoja. Mzima kabisa. Anaweza kwenda sinema.

Basi Jumamosi ya nne, saa nane kamili, viti sita vya chumba cha kulilia vimejaa. Anésie amekaa cha katikati, mbele ya kioo. Amevua miwani myeusi. Robyn mwenyewe alikuja kuwasalimia, akasema katika miaka yake yote hakuwahi kuona watu wakiipigania filamu ya kivuko cha reli.

Ilianza. Wilondja aliongea, lakini Ogutu aliyekuwa nyuma yake aliona shingo yake imeloa. Mwavuli ukashonwa. Léocadie na binamu zake walikuwa wanayajua maneno, kwa masimulizi ya Anésie. Redio alipofika kwenye mabehewa yasiyokuwepo, walisema pamoja naye. Anésie alisogea karibu na kioo. Alikuwa anatazama. Baiskeli kumbe ilikuwa nyekundu iliyochakaa, karibu na rangi ya tofali. Mama Furaha kumbe hakuwa kijana. Alikuwa na umri kama wake, na mikunjo ile ile kando ya mdomo.

Treni ikasimama. Sanduku likatokea. Mama Furaha akamwendea Kasongo.

Na Redio akazimika.

Si kwamba aliamua. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Upande mmoja alikuwa na mke mwenye jicho zima, na upande mwingine Mama Léocadie, ambaye herufi za Kiingereza zinampita kama magari ya barabara kuu, ameshika kitambaa tayari kwa Alhamisi yake. Uso wa Mama Furaha ukajaa skrini nzima. Midomo ikafunguka. Maandishi meupe yakatokea chini, maneno matatu.

Anésie alisoma Kiingereza miaka minne chuoni, jioni, baada ya kazi ya kufua. Maneno matatu alikuwa anaweza. Wilondja aliona midomo yake ikitembea, pole pole, moja, mbili, tatu.

"Anasema nini?" Léocadie akauliza. "Redio! Betri imekwisha?"

Ogutu aliangalia viatu vyake.

"Anasema nisubiri," Anésie akasema.

Hakugeuka. Aliendelea kuutazama uso ule kupitia kioo, na sauti yake ilitoka tulivu, kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. "Anasema, naenda mjini kuwaita wajomba. Mahari haipokelewi na mjane peke yake. Alhamisi narudi nao." Treni ikaondoka. "Sasa anavua kofia. Anajua heshima ya wajomba, huyu."

"Mungu wangu," Léocadie akasema, akajifuta macho. "Hata mara ya pili ni tamu."

Nje walisimama kidogo kwenye maua ya zambarau, umbali wa mita moja na nusu kama ilivyoagizwa, wakiagana kwa viwiko. Ogutu alimpa Wilondja kiwiko, akasema taratibu, "Sijui kama umetoka au umetolewa." Kisha akamwendea Anésie na kumwinamia kama mtu anavyomwinamia mama yake.

Kwenye treni Anésie alikaa dirishani. Alisoma vibao vya stesheni kwa sauti, vyote, kwa raha ya mtu aliyerudishiwa kitu: Harris Park, Parramatta, Westmead. Pendle Hill, Toongabbie. Tangu amjue Wilondja, hajawahi kusafiri naye stesheni nne akiwa kimya. Blacktown. Doonside.

Kabla ya kufika Rooty Hill, akasema, "Papa Divine."

"Naam."

"Yule askari wa filamu ya kule kambini, aliyerudi kwa mama yake. Filamu ya Wachina. Nilikuwa nje, sufuria ilikuwa inaungua, nikakataa kuondoka mpaka arudi."

"Nakumbuka."

"Na yule mtoto aliyetolewa mtoni. Na wale mapacha." Alikuwa anaangalia nje, mapaa ya nyumba yakipita. "Nilikuwa upande ule wa turubai miaka miwili, na kwenye filamu zako zote hakufa mtu."

Wilondja alishusha barakoa, akaipandisha. "Mama Divine, mimi..."

"Hapana, usiniambie." Akamshika mkono, ule ule. "La kushoto wamesema Februari. Mpaka Februari nina jicho moja la kuangalia na moja la kusikiliza. Haya. Huyu anayepanda, mwenye kofia ya manyoya wakati wa joto. Ni nani?"

Wilondja akamwangalia abiria. Akakohoa kidogo, akatengeneza koo.

"Huyo? Huyo ni mjomba," akasema. "Amechelewa. Alikuwa afike Alhamisi."

Anésie alicheka mpaka watu wa behewa wakageuka, na hakuna aliyewaambia shhh.

Mama Léocadie, mpaka leo, anaeleza filamu ile kwa kila anayetaka kusikia, na siku za Alhamisi huwa anavaa vizuri kidogo kuliko siku nyingine. Wapo wanaosema alistahili kuambiwa ukweli. Basi jikalishe wewe pale katikati, mbele ya kioo, na jicho lako jipya. Maneno matatu meupe yako mbele yako, na rafiki yako ameshika kitambaa, anakuuliza mwanamke anasema nini. Ungemsomea nini?